Ndugu Yetu Hajui Kukataa

S.L.P. 27,
Siakago,
Embu.

Jumapili, 25 Oktoba 1992

Mpendwa kaka Muturi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Kitwe, wewe na Kathambi na watoto. Kifua chako je, kimetulia? Ulipoandika wakati wa Pasaka ulisema vumbi la mgodi bado linakukohoza, na tangu siku hiyo Mama hakosi kuniuliza kama umeandika tena. Huwa namwambia umepona. Tafadhali uwe umepona kweli.

Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Macho ya Mama yamepungua nguvu, lakini bado anapepeta mtama mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mume wangu Njue alihamishiwa shule moja kule Ishiara, kwa hiyo anakuja nyumbani mwisho wa juma tu, na watoto wamezoea. Mimi bado nafundisha hapa hapa, darasa la sita na la saba.

Mvua haijanyesha. Mawingu hukusanyika kila alasiri juu ya kilima cha Kiang'ombe, yanatutazama kidogo, kisha yanaondoka kwenda upande wa mji wa Embu kwa wale wenye chai na kahawa. Tulipanda mawele kwenye udongo mkavu kama kawaida yetu, tukamwachia Mungu. Ndege na panya wanachimbua mbegu.

Sasa kaka, nakuandikia juu ya ndugu yetu Kivuti. Usishtuke, hajafa wala hajafungwa. Lakini pengine utasikia habari zake kwa mtu mwingine, nami nataka uzisikie kwangu kwanza, tangu mwanzo.

Unaukumbuka ule mradi wa maji niliokuandikia mwaka juzi. Tulikubaliana kuvuta maji ya chemchemi iliyo ubavuni mwa kilima, bomba lipite hapa juu kwetu, literemke mpaka tangi la chini karibu na zahanati. Watu wa chini ndio wenye shida. Sisi wa juu tuna visima vya chumvi vya kutusukuma siku mbili tatu, wao wana mto tu, na mto uko mbali. Ndiyo maana mkutano mzima uliamua kwamba hakuna nyumba ya juu itakayovutiwa mfereji kabla ya tangi la chini kujaa. Na watu wa chini ndio waliochimba sehemu kubwa ya mtaro. Niliwaona wanawake wakipasua mawe kwa mtaimbo, watoto wachanga wamelazwa kwenye leso kando ya njia.

Siku ya kuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji, kila jina lililotajwa lilipata mtu wa kulipinga. Huyu ni mkali, yule alikula pesa za josho la ng'ombe, mwingine mke wake ana maneno. Jina la Kivuti likatajwa na hakuna aliyesimama. Mzee mmoja akasema huyu kijana hana adui hata mmoja, na watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga makofi, kaka. Nilijivunia.

Wewe unamjua zaidi yangu. Mama amenisimulia ile siku Baba alipomwambia apeleke mbuzi mtoni, na Mama akamwambia afukuze ndege shambani, asubuhi hiyo hiyo. Akamwitikia Baba, akamwitikia Mama. Akashinda akikimbia huku na huku mpaka ndege wakala mawele na mbuzi wakaingia shamba la watu. Alichapwa na wote wawili na hakufungua kinywa kusema kwamba alitumwa mara mbili. Sisi tukawa tunasema ni mtoto mpole. Labda alikuwa mpole. Lakini hakuna aliyemfundisha kujitazama akajua upole ule unatoka wapi.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Mzee Njagi, huyu mzee wa kanisa anayekaa karibu na chemchemi. Mke wake amevimba miguu, hawezi kwenda kisimani. Akaomba mfereji mmoja tu, hapo nyuma ya jiko. Kivuti akakubali. Jirani yake Mzee Njagi akaona bomba limeingia kwa mwenzake, akaja naye, akisema ana watoto wa marehemu nduguye. Kivuti akakubali. Akaja mwingine mwenye ng'ombe wa kuzaa, akaja mwalimu mwenzangu, akaja kasisi. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kama wangekuja wakorofi, labda hata Kivuti angepata nguvu ya kuwakataa.

Kwa hiyo bomba la katikati likatobolewa hapa na pale, na maji yakawa yanafika chini yamechoka. Mnamo Juni yalikuwa membamba kama uzi. Mnamo Agosti tangi la chini lilikuwa nyumba ya mijusi. Na muda huo wote, kila mtu wa chini aliyemsimamisha Kivuti njiani na kumuuliza, alijibiwa kwamba maji yako karibu.

Watu walianza kusema amelishwa na watu wa juu. Nataka ujue hilo si kweli. Nimeuliza, nimechunguza, na Wawira mke wake ameapa mbele yangu. Hakupokea hata kuku. Wakati mwingine natamani angekuwa amepokea. Mwizi unaweza kumshtaki. Huyu wetu alikuwa akiamini kila neno wakati analisema. Alipokuwa mbele ya Mzee Njagi, moyo wake wote ulikuwa kwa Mzee Njagi. Alipokuwa mbele ya watu wa chini, moyo wake wote ulikuwa kwao.

Kuna mama mmoja wa chini anaitwa Rwamba. Humjui, aliolewa huku wewe ukiwa umekwenda. Ni mjane, anaishi na binti yake, na ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo siku za kuchimba mtaro. Alikuwa na punda wa kumbebea maji kutoka mtoni. Mwezi wa Julai akapata mnunuzi, akatamani kuezeka jiko lake kwa mabati kabla ya mvua. Lakini hakuuza vivi hivi. Alipanda mpaka kwa Kivuti kumuuliza. Alimkuta akitengeneza ghala, akamweleza, akasema, "Mwenyekiti, wewe ndiwe unayejua mambo ya maji. Nimuuze huyu mnyama, au nimweke?"

Wawira alikuwepo. Anasema Kivuti aliacha kazi, akamtazama yule mama, naye Rwamba alikuwa anatabasamu kama msichana kwa kufikiria jiko lake. Kivuti akasema, "Uza, mama. Maji ni kama yamefika."

Akauza.

Septemba, jua likiwa limekausha kila kitu, Rwamba alikuwa akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akateleza kwenye mawe. Nyonga ilivunjika. Alilala pale mpaka wachunga mbuzi walipomkuta. Hospitali walimtibu walivyoweza, wakamrudisha nyumbani, na hivi sasa amelala kitandani katika ile nyumba, jiko jipya la mabati likiwa mlangoni pake. Hatembei. Binti yake ndiye anayekwenda mtoni.

Niliposikia, sikuvumilia. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Kivuti. Walikuwa wakipura ndengu, yeye na Wawira, nikakaa chini nikawasaidia kwa muda kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia. Mwishowe nikamwambia wazi. Nilimwambia hana wizi, hana uvivu, wala hana roho mbaya, lakini kuna kitu ndani yake ambacho asipokijua kitamaliza watu. Nikamwambia, "Kivuti, wewe huwezi kusema hapana. Mtu akikutazama kwa matumaini, unampa neno lolote ili uso wake ubaki ulivyo. Halafu anakwenda kuanguka mbali, mahali ambapo humwoni."

Mkono wake uliendelea kuchambua ndengu. Kisha akasema, "Dada, umesema kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Asante." Akaniahidi kwamba kwenye mkutano wa Jumatano atatangaza mifereji yote ya juu ikatwe, hata wa kasisi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kaka, nilirudi nyumbani nikiimba. Nilidhani nimemponya ndugu yangu kwa alasiri moja.

Jumatano tulikutana shuleni kwangu, katika darasa la saba. Watu wa juu walikaa upande wa dirisha, wa chini upande wa mlango. Naibu wa chifu alikuwa mbele. Binti yake Rwamba alisimama, akasema hakuja kugombana, anataka kusikia neno moja tu kuhusu mifereji ya juu, kama inakatwa au haikatwi. Kabla Kivuti hajajibu, Mzee Njagi naye akasimama. Akasema kwa utaratibu kwamba neno hilo limeshamalizika, kwa maana mwenyekiti alifika nyumbani kwake Jumatatu akamhakikishia, mbele ya mke wake, kwamba mfereji wake hautaguswa.

Nilimtazama Kivuti. Ndipo nikaelewa kwamba ile asante aliyonipa mimi ilikuwa ile ile aliyowapa wote. Nilimwambia hawezi kukataa, naye hakuweza kunikataa.

Naibu wa chifu akamwambia, "Mwenyekiti, sema. Inakatwa au haikatwi?"

Kivuti alisimama. Alikuwa amevaa lile koti la marehemu Baba. Alitazama upande wa dirisha, akatazama upande wa mlango, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli kwa pande zote mbili, naapa. Akasema, "Wote mna haki. Tutatafuta njia ya kila mtu kupata."

Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali wangemzomea. Watu wa chini walisimama mmoja mmoja wakatoka, wanawake kwanza. Sisi tulibaki tukitazama madawati. Tulidhani wamekwenda nyumbani. Kumbe walipanda moja kwa moja mpaka chemchemi, wakakata bomba kubwa kwa misumeno na mapanga, mahali pengi, ili lisiungike kwa urahisi. Nilipofika maji yalikuwa yakiteremka barabarani, mbuzi wanakunywa, watoto wa shule yangu wanaoga na sare zao wakicheka. Wale waliokata walikuwa wamekaa kando. Mmoja wao alikuwa analia.

Basi sasa hakuna aliye na maji ya bomba. Si wa juu, si wa chini. Mke wa Mzee Njagi na miguu yake, watoto wa marehemu, zahanati, wote sawa.

Jioni ile Kivuti alikaa nje kwake, na mimi nikakaa naye. Alisema, "Wambeti, nimemkosea nani? Mimi sijamnyima mtu." Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza kweli, kama mtoto anavyouliza kwa nini kuku aliyechinjwa hafufuki.

Kamati ilimwomba ajiuzulu, akakubali. Kesho yake watu wa juu walimwendea wakamwomba asijiuzulu, akakubali. Kwa wiki nzima hatukujua kama tuna mwenyekiti au hatuna.

Halafu yakaja haya mambo ya vyama vingi. Najua mnasikia kwenye redio huko kwamba nchi yetu inajiandaa kwa uchaguzi. Hata hapa kwetu kila soko lina bendera. Watu wa chama kimoja walikuja wakimtaka Kivuti agombee udiwani. Utashangaa, baada ya yote hayo, lakini walisema bado ndiye mtu mwenye maadui wachache katika kata hii, na nadhani walisema kweli. Hata waliokata bomba hawamchukii. Ukimkasirikia Kivuti, hasira inakosa mahali pa kushika. Alikubali, akapewa kadi. Siku chache baadaye wakaja wa chama kingine na ombi hilo hilo. Alikubali. Alikuwa akitembea na kadi mbili katika mfuko mmoja wa shati.

Watu walilicheka jambo hili sokoni, lakini mimi sikucheka. Vijana wa pande hizi mbili wamekwisha kurushiana mawe pale stendi, na kila upande unaamini Kivuti ni mtu wao. Siku watakapoambizana ukweli, ni mlango wa nani watakaoubisha? Wawira ana mimba. Mama yuko boma lile lile.

Nilirudi kwake tena. Safari hii sikumhubiria. Nilimwomba jambo dogo kuliko yote niliyoweza kufikiria. Nilimwambia aachane na vyama kwanza, aachane na mifereji. Aende tu kwa mama Rwamba, akae kando ya kitanda chake, amwambie kwamba hajui maji yatakuja lini. Basi. Aseme tu hajui. Nilidhani akiweza hilo moja, mengine yatafuata.

Aliinama. Nilingoja ile asante yake. Badala yake akasema, "Hapana, dada. Hilo siwezi."

Kaka, sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake maisha yangu yote. Akaniambia pole pole kwamba tangu ile Jumapili ya ndengu amekuwa akijiangalia, na amegundua kwamba nilisema kweli. Anaona hata kabla hajafungua mdomo. Mtu anauliza, yeye anajua jibu la haki ni hapana, anajua atamwumiza mtu kwa kukubali, na bado ndiyo inatoka. Alisema, "Uso wa mtu ukianguka mbele yangu, ni kama mimi ndiye ninayeanguka. Najua sasa. Lakini kujua hakunishiki mkono."

Mimi nimefundisha watoto miaka hii yote kwamba mtu akijijua anaweza kuongoza wenzake. Huwa naandika ubaoni kwamba kiongozi bora hujitazama kwanza. Bado naamini. Lakini nilimtazama ndugu yetu, aliyejijua mpaka mwisho, akiwa amekaa pale kwenye kigoda kama mtu aliyechimba msingi wote wa nyumba na hana hata jiwe moja la kuweka juu yake. Nilimpikia chai nikaondoka.

Asubuhi yake Wawira alikuja kwangu kabla ya kengele ya shule. Kivuti alikuwa ameondoka. Aliacha zile kadi mbili mezani, akaacha na koti la Baba. Siku ya tatu tukapata habari kwamba yuko Kiambere, kwa shemeji yake anayekausha samaki wa bwawa. Kivuti ndiye anayewaparua magamba. Shemeji anasema ni mfanyakazi mzuri, wanunuzi wote wanampenda. Hajasema atarudi lini, na Wawira hataki kwenda kumuuliza, kwa sababu anajua akimuuliza ataambiwa ni kesho.

Watu wa vyama walikuja. Wawira ndiye aliyewarudishia kadi zao, mmoja mmoja, amesimama mlangoni na tumbo lake. Wa kwanza waliondoka kwa heshima. Wa pili walipiga teke mlango wa ghala. Sasa analala kwa Mama.

Hapo ndipo tulipo, na sasa nifike kwa shida yangu mimi.

Kamati imeniomba niwe mwenyekiti. Walikuja wa juu na wa chini pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu Septemba. Binti yake Rwamba ndiye aliyezungumza. Alisema mimi nina mdomo usioogopa, kwamba ndimi peke yangu niliyemwambia Kivuti ukweli usoni, na kwamba wanachohitaji sasa ni mtu wa kuwaambia hapana. Mkutano ni Jumamosi ijayo. Njue anasema nikubali. Nami nilikuwa nimekubali moyoni, sikufichi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atakatiwa na nani atachangia mabomba mapya, na nilijiona nikisema hapana kwa sauti ya darasani.

Nikaona kabla ya mkutano nifanye kile ambacho Kivuti hakukiweza. Jana nikateremka mpaka kwa mama Rwamba.

Nilimkuta amelala kwa ubavu, uso kwenye mlango, ili aone njia. Amekonda. Aliniuliza habari za watoto, za Mama, akauliza kama Kivuti anakula vizuri huko alikokwenda. Hakumlaumu. Alisema na yeye siku ile alitaka kuambiwa auze, na kama Kivuti angemkatalia, pengine angemnunia mpaka leo. Kisha akanishika mkono, akaniuliza, "Mwalimu, wewe huna maneno mengi. Niambie. Maji yatakuja?"

Nilikuwa nimelitayarisha jibu njiani. Nikasema, "Mama, hatujui. Bomba limeharibika kabisa. Hatujui kama yatakuja wala lini."

Uso wake ukaanguka. Nimeshaandika neno hilo katika barua hii kaka, lakini sikuwa nimeliona mpaka jana. Hakulia, hakulalamika. Kila kitu kilishuka tu, mashavu, macho, hata mkono ulionishika ukalegea, akageuza kichwa taratibu kutazama ukuta kwa sababu hakuwa tena na haja ya kutazama njia. Nilikaa pale. Nilisema moyoni, nyamaza Wambeti, umesema ukweli, nyamaza sasa.

Ndipo nikasikia mtu anasema, "Lakini yatakuja, mama. Usijali. Kabla ya mwaka kwisha utayanywa hapa hapa kitandani." Sauti ilikuwa yangu.

Akageuka. Akatabasamu. Akamwita binti yake aniletee uji, na kaka, niliunywa wote, nao ulikuwa umepikwa kwa maji ya mtoni.

Kwa hiyo nakuandikia, na sijui nikuombe nini. Najua barua hii itafika Kitwe mkutano ukiwa umekwisha, na jibu lako litanikuta nimeshawaambia ndiyo au hapana. Nikikubali, nimeona nitakachokuwa. Nikikataa, bomba litaoza pale lilipo, kwa maana hakuna jina lingine ambalo pande zote mbili zimelikubali. Nimekaa na kalamu tangu tulipotoka kanisani na giza linaingia. Kama ungekuwa karibu ningekuja tu nikae kwako bila kusema kitu.

Ukiweza, mwandikie Kivuti kwa anwani ya shemeji hapo Kiambere. Usimshauri lolote, atakukubalia. Mwandikie habari za watoto wako.

Mama anakusalimu sana na anasema umletee Kathambi aje amwone kabla macho hayajafungwa. Wawira anawasalimu. Njue anakusalimu, na watoto wangu wote wanauliza habari za mjomba wa Zambia. Nisalimie wanao mmoja mmoja kwa jina, hasa yule mdogo aliyepewa jina la Baba.

Mungu wa wazee wetu awafunike huko ugenini, awape mkate na maji, na atuletee na sisi mvua.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata barua zikikawia,

Wambeti